Spika Hutoaje Sauti?

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu habari nyingi hutufikia kwa masikio. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, imesikika huku miaka mingi. Kanisani na sokoni pia matangazo hutolewa kwa spika. Wengine hudhani kwamba sauti yenyewe hupita ndani ya waya. Sivyo, hupita umeme tu.

1. Sauti ni nini? Piga ngoma, kisha gusa ngozi yake polepole. Inatetemeka. Ngozi husukuma hewa, nayo hewa hupeleka mtetemeko hata sikioni. Ikitetemeka upesi, sauti huwa nyembamba. Ikikawia, huwa nene.

2. Ndani ya spika mna vitu vitatu: sumaku isiyosogea, koili ya waya mwembamba, na karatasi ngumu mfano wa bakuli. Koili imegundishwa na karatasi, nayo hukaa karibu sana na sumaku bila kuigusa.

3. Umeme upitapo katika koili, koili nayo hugeuka kuwa sumaku. Umeme ukienda upande huu, koili husukumwa mbele. Ukigeuka, huvutwa nyuma. Karatasi huifuata, na kuisukuma hewa kama ngozi ya ngoma. Kwa sauti nene ya mwanamume umeme hugeuka hivi mara 100 na zaidi kwa sekunde moja. Spika ya namna hii ilielezwa na Rice na Kellogg wa Marekani mwaka 1925, na hata leo ndiyo itumiwayo zaidi.

4. Basi, spika haina akili. Hufuata umeme iliopewa. Mtambo ukilazimishwa kupita nguvu zake, umeme huharibika, maneno hukwaruza, na koili yaweza kuungua. Fikiri tangazo la chanjo: mama aliyesikia “saa tano” mahali pa “saa tatu” atafika na mtoto wake waganga wamekwisha kuondoka. Kwa hiyo ukisikia mkwaruzo, usiongeze nguvu, bali punguza. Tena ikinge karatasi na mvua, na usiiguse kwa kidole.

Maswali. (a) Ni kitu gani kipitacho katika waya? (b) Kwa nini koili huenda mbele na nyuma? (c) Sauti ikikwaruza, utafanya nini?