Bei ya Mwisho Ngapi? Mwongozo kwa Wauzaji wa Dukani na Mawinga

Kijitabu hiki ni cha vijana wanaosimama kaunta au kuita wateja (mawinga) katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na cha yeyote anayeuza mahali ambapo bei haibandikwi. Mteja ataangalia mzigo, atauliza: "Bei ya mwisho ngapi?" Wengi wetu hulijibu swali hilo haraka mno, na faida inapotelea hapo hapo.

Hesabu kabla ya maneno

Tuseme pea ya viatu vya shule umeinunua Sh 18,000. Pango, usafiri na posho ya msaidizi vikigawanywa, kila pea inabeba Sh 2,000 zaidi. Unaiuza Sh 26,000. Mteja anaomba umpunguzie "elfu mbili tu". Ukiipima kwa bei ya kiatu, haifiki hata asilimia 8. Lakini fedha yako katika bei hiyo ni Sh 6,000, na elfu mbili ni theluthi yake. Ukikubali, itakubidi uuze pea tatu ili upate faida ambayo pea mbili zingekupa.

Basi ijue, kabla hujafungua duka, bei ambayo hushuki chini yake. Kwa winga ni lazima zaidi, maana mzigo ni wa mwenye duka na yeye anaishi kwa cha juu. Aulize bei ya dukani kila asubuhi, asiuze kwa bei ya juzi.

Bei ya kwanza nayo ina nguvu yake. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha kwamba namba ya kwanza mtu anayopewa huvuta makadirio yake, hata ikiwa haihusiani na kinachokadiriwa. Hiyo si ruhusa ya kutaja Sh 45,000. Duka la pili liko hatua chache, na mteja akishaona kiatu kile kile kwa Sh 26,000 hatarudi kwako. Anzia juu kwa kiasi unachoweza kukieleza bila kubabaika.

Usishuke bure

Kama utashika jambo moja tu katika kijitabu hiki, liwe hili: kila unapopunguza, omba kitu. "Mama, kwa pea moja siwezi. Ukichukua tano na kulipa zote leo, nakuwekea elfu ishirini na tano kila moja." Unaweza kuomba idadi, malipo taslimu, au mteja agharamie usafiri mwenyewe. Ukishuka bila kuomba chochote, mteja anaelewa kwamba bei ya kwanza haikuwa ya kweli, naye ataendelea kuomba. Hatua za kushuka ziwe zinapungua pia: elfu moja, kisha mia tano, kisha mia mbili. Hapo anaona mwenyewe kwamba mwisho umekaribia.

Ukishataja bei, nyamaza. Kuna wauzaji wanaotaja bei na papo hapo kuongeza "lakini maelewano yapo, bosi", wakati mteja bado hajaomba punguzo.

Akisema "Nazunguka kwanza, nitarudi", usimvute mkono. Muulize kwa upole: ni bei, ni saizi, au hela haijatimia? Kama hela haijatimia, punguzo dogo halitamsaidia. Mwekee mzigo kwa malipo ya awali, na umwandikie kiasi alichotoa na siku ya kumalizia.

Anapokuwa tayari

Mteja anayeuliza kama rangi inachuja, anayetaka saizi nyingine, au anayeuliza namba ya kulipia ameshaamua. Acha kusifia bidhaa. Uliza tu: "Nikufungie hii nyeusi au ile ya kahawia, dada?"

Usiseme "imebaki hii moja" huku stoo kumejaa maboksi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, inampa aliyekubali kwa kudanganywa haki ya kuyavunja makubaliano. Na kwa wateja wa Lubumbashi au Lusaka wanaoagiza kwa picha za simu, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inataka mzigo ulingane na maelezo, na kama ulionyesha sampuli, ulingane nayo. Piga picha ya mzigo wenyewe utakaotumwa. Mteja wa mbali anakutumia fedha kabla ya kuona kitu, na imani hiyo ni mtaji mkubwa kuliko faida ya oda moja.

Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, isiingizwe kwenye mapatano. "Bila risiti nakupunguzia" ni kosa la kisheria, na mnunuzi wa jumla akikamatwa njiani na mzigo usio na risiti, hasara ni yake.

Mwisho, mali kauli, yaani kutoa mzigo kwa mkopo. Punguzo ulilolitoa kwa ajili ya taslimu lisiende na mzigo wa mkopo. Taja bei mbili tangu mwanzo, ya kulipa leo na ya kulipa baadaye. Tarehe ya malipo iandikwe daftarini na nyote wawili msaini, mzigo ukiwa bado dukani.