SOMO LA MASHINE: INJINI INAYOGONGA BAADA YA KUKAA GHALANI

Katika mashamba ya Suam, na sehemu kubwa ya Trans Nzoia, mahindi hupandwa mara moja kwa mwaka, mvua za Machi na Aprili zinapoanza, nayo huvunwa kuanzia Oktoba. Kwa hiyo injini ya dizeli inayoendesha mashine ya kupukuchua hufanya kazi miezi michache tu, kisha hulala ghalani muda mrefu. Siku ya kuwashwa tena, mara nyingi hugonga.

Asiyejua maana ya mgongo huo hupata hasara kwa njia mbili. Ama huendelea na kazi mpaka injini ivunjike, ama humlipa fundi aifungue yote, kumbe ilitaka dizeli safi tu. Huku nyuma mahindi yanangoja. Mahindi yasiyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5 huota ukungu kwa urahisi, na sumu ya ukungu, yaani aflatoksini, haiishi kwa kupikwa.

KWANZA, ZIMA

Injini ikigonga, izime mara moja. Kabla ya kuiwasha tena, kagua mambo matatu.

1. Oili. Chomoa kijiti cha kupimia injini ikiwa imekaa sawasawa. Oili ikiwa chini ya alama, ongeza. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia; usiiwashe. Ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, imekuwa nyepesi na haiwezi kulinda beringi. Imwage, utafute dizeli inavujia wapi, ndipo utie mpya.

2. Vilivyolegea. Kaza bolti zinazoshika injini. Tikisa gurudumu zito na puli. Kabari ya puli ikilegea, hugonga kama kwamba chuma kimevunjika ndani.

3. Mzunguko. Funga dizeli, kisha zungusha injini kwa mkono polepole, mizunguko miwili kamili. Ikikwama usilazimishe. Huenda kuna kutu, au maji juu ya pistoni.

PILI, SIKILIZA

Vua mkanda wa mashine ya kupukuchua, uwashe injini peke yake. Mgongo ukiisha, angalia kwanza mashine ya kupukuchua. Lakini beringi mbovu nayo hunyamaza injini isipokuwa na mzigo, basi usiache kuipima. Ukiendelea, shika bisibisi ndefu, ncha yake iguse injini na mpini uwe karibu na sikio. Jihadhari na nguo zisinaswe.

Mgongo mkali, pamoja na moshi mweupe au mweusi, mara nyingi hutokana na dizeli. Usiku wa baridi wa Mlima Elgon, tangi lililojaa nusu hufanya umande ndani, na maji hayo hutua chini. Pia nozeli iliyokaa bila kazi huweza kunata. Dizeli ikichelewa kuwaka, huwaka yote kwa pamoja na kupiga pistoni kama nyundo. Mwaga uchafu wa chini ya tangi, badili chujio, tia dizeli mpya, na utoe hewa katika mabomba. Ukiendelea, mpe fundi nozeli aipime.

Sauti nyepesi ya tik-tik juu ya injini, mara moja kwa kila mizunguko miwili, ni ya vali. Imenata kwa kutu, au nafasi yake ni kubwa mno. Irekebishwe kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo.

Sauti nzito kidogo pembeni mwa silinda, inayopungua injini ikipata moto, ni pistoni iliyolegea. Injini huweza kumaliza msimu, lakini pima oili kila siku.

Sauti nzito ya chini, inayozidi injini ikipewa mzigo, huku kipimo cha oili kikishuka, ni beringi. Usipukuchue hata gunia moja zaidi! Kubadili beringi ni gharama. Kubadili beringi pamoja na shafti ni gharama kubwa zaidi.

Ukiwa bado na shaka, funga dizeli injini ikienda kasi. Mgongo ukikoma papo hapo, anza na dizeli. Ukiendelea mpaka injini isimame, chuma kimelegea.

TATU, ZUIA

Msimu ukiisha, badili oili injini ikiwa na moto, maana oili chafu hula beringi hata injini ikilala. Jaza tangi pomoni. Ziba bomba la moshi kwa kopo, na uliondoe kabla ya kuwasha. Kila baada ya majuma mawili izungushe kwa mkono, dizeli ikiwa imefungwa.

Mwisho, ndugu mkulima, iwashe injini yako mwezi wa Septemba, mahindi yakiwa bado shambani. Ikigonga wakati huo, una nafasi ya kumtafuta fundi na kupata kifaa Kitale. Ikigonga siku ya kupukuchua, mvua haitakungoja.