Watoto Baada ya Kengele ya Shule

Somo la wazee wa kanisa, wainjilisti na wazazi

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari ya watoto wa maskini wakati shule imefungwa, yaani jioni baada ya kengele, na katika likizo za Juni na Desemba. Someni kwanza Mambo ya Walawi 19:9-10. Humo mwenye shamba aamriwa asivune mpaka pembeni kabisa, bali amwachie maskini sehemu yake. Sisi nasi tuna pembe za siku na pembe za mwaka. Je, mtoto wa maskini twamwachia nini?

1. Hali ya watoto wetu

Tangu mwaka 2016 mtoto hatozwi ada katika shule za serikali ya Tanzania, toka darasa la kwanza hata kidato cha nne. Ni jambo la shukrani. Lakini kuingia darasani ni neno moja, na kujua kusoma ni neno jingine. Shirika la Uwezo, lililoanza mwaka 2010 kuwapima watoto nyumbani kwao, liliona mara nyingi kwamba wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la pili.

Sababu zake twaziona kwa macho yetu. Huku Handeni kazi ya mahindi huwakuta watoto katika likizo. Mtoto hufukuza nyani, huvuna, huchunga mifugo, na kiangazi kikiingia huenda mbali kutafuta maji. Kule Korogwe, katika mashamba ya mkonge, mzazi hutoka alfajiri kwenda kukata, na mkubwa wa watoto hubaki akiwalea wadogo zake. Hatuwalaumu wazazi hawa, maana wanatafuta chakula. Mtoto wa mwenye nacho hakuzaliwa na akili zaidi, lakini jioni ana taa, ana kitabu, na yuko mtu wa kumwuliza, "Leo umesoma nini?" Tena akishindwa, hulipiwa tuisheni.

Katika mji wa Baltimore, nchi ya Marekani, wataalamu walianza mwaka 1982 kuwafuata watoto wapatao 800 tangu darasa la kwanza. Waliona kwamba wakati wa shule watoto wa maskini na wa matajiri waliendelea karibu sawasawa, bali katika likizo ndefu tofauti yao ilizidi. Wataalamu wengine wamebisha juu ya ukubwa wa tofauti hiyo. Hata hivyo kila mkulima ajua kwamba shamba lisilopaliliwa mwezi mzima huota magugu.

2. Mifano ya waliotutangulia

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani waanzishe shule. Alijua kwamba wazazi watasema, "Kazi zetu nani atazifanya?" Hakuwadharau. Alisema mvulana aende shule saa moja au mbili kila siku, na saa zilizobaki afanye kazi nyumbani na kujifunza ufundi. Msichana naye apate saa moja.

Johann Friedrich Oberlin, mchungaji wa Kilutheri, alifika Waldersbach katika milima ya Alsace mwaka 1767. Watu wake walikuwa maskini sana. Huko msichana aitwaye Sara Banzet alikuwa akiwakusanya watoto na kuwafundisha kufuma. Oberlin alipoiona kazi yake hakuikataza, bali aliitegemeza, na shule za namna hiyo zikaenea katika vijiji vyake. Angalieni: kazi ile haikuanza kwa mchungaji, ilianza kwa msichana.

Robert Raikes naye, mwaka 1780 katika mji wa Gloucester, Uingereza, aliona watoto waliofanya kazi juma zima, wasiokuwa na siku ya kujifunza ila Jumapili. Akawatafutia walimu wa kuwafundisha kusoma. Basi shule ya Jumapili, ambayo wengi wetu twadhani ni ya nyimbo tu, ilianza kuwa shule ya kusoma ya watoto wa maskini.

3. Kosa letu

Yatupasa kuungama pia. Miaka kadhaa iliyopita, katika darasa la kipaimara, sisi wenyewe tulimsimamisha kijana mmoja asome Katekisimo Ndogo. Akanyamaza. Tukamwambia mbele ya wenzake arudi atakapojua kusoma. Hakurudi. Baadaye tulimkuta akipakia mkonge. Akasema, "Shikamoo, Mchungaji," akainamisha kichwa. Tulipomwuliza mbona hakurudi, akajibu, "Mliniambia nirudi nikijua kusoma. Sikupata wa kunifundisha."

Neno lile halijatutoka. Jengo la kanisa lilikuwa limefungwa siku sita kila juma, na ufunguo tulikuwa nao sisi.

4. Njia ya kuanza

Kwanza, semeni na mwalimu mkuu na viongozi wa kijiji, ili kazi ijulikane wala isishindane na shule. Chagueni saa baada ya maji kutekwa na mifugo kurudi, lakini mapema, wasichana wafike kwao kabla ya giza.

Pili, tafuteni vijana waliomaliza kidato cha nne wakakaa nyumbani. Wawe wawili wawili, milango iwe wazi, na mzee mmoja awepo daima.

Tatu, msiwapange watoto kwa darasa lao, bali kwa kujua kwao. Shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, limefanya hivi India kwa faida kubwa: asiyejua herufi huanza na herufi, ingawa ni wa darasa la tano. Punje za mahindi zatosha kuhesabia, na mkaa juu ya ubao watosha kuandikia.

Nne, pasiwe na malipo, wala fimbo, wala kumwaibisha mtu. Kikombe cha uji kikipatikana, ni vema; mwenye njaa hasikii.

Tano, watoto wa majirani zetu Waislamu wasizuiliwe, wala wasivutwe kwa hila. Aliyekuja kujifunza kusoma, na afundishwe kusoma.

Msingoje fedha nyingi. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika mtaa wetu ni watoto wangapi wa darasa la tatu na kuendelea wasioweza kusoma? Majina yao twayajua?

2. Jengo letu hufungwa siku ngapi kila juma, na ufunguo anao nani?

3. Ni kijana gani kwetu mwenye moyo kama wa Sara Banzet, naye hajaombwa?

4. Yuko mtu tuliyemwambia arudi akijua, tusimpe wa kumfundisha? Nani atakwenda kwake juma hili?