Maji Mekundu ya Mfereji

Mara nyingi mabomba yakiisha kutengenezwa, maji ya kwanza hutoka mekundu. Wekundu huo kwa kawaida ni kutu ya bomba la chuma. Usiyafulie nguo nyeupe, maana kutu haitoki upesi. Fungua mfereji, yakinge kwa debe umwagilie bustani, mpaka yatakate. Yasipotakata, uliza jirani: yake yakiwa safi, kasoro i katika bomba lako, yakiwa mekundu pia, waarifu wasimamizi wa maji.

Lakini angalia sana. Kuchemsha hakuondoi kutu, wala kutakata kwa maji si dalili kwamba hayana vijidudu, kwani bomba lililovunjika huingiza uchafu. Basi maji ya kunywa yachemshwe, yatokote kwa nguvu dakika moja. Penye miinuko kama Limuru, dakika tatu.