Badilisha au badilishana? Somo kutoka freni ya kinga

Katika kozi ya istilahi tunaambiwa tupime neno kwa mtu atakayelitumia. Mimi nilipima yangu kwa kinga (ndivyo tunavyoita baiskeli hapa Lubumbashi), na nusura mdogo wangu avunjike mguu.

Kinga yenyewe ni mtumba kutoka Uingereza, yenye freni za diski zinazosukumwa na mafuta. Kwa Waingereza mkono wa kuume hufunga gurudumu la mbele; sisi nyumbani tumezoea freni ya mbele iwe kushoto. Mtu akishtuka hukaza mkono aliouzoea, gurudumu la mbele linakwama, naye anarushwa juu ya gidoni. Dawa yake ni kuhamisha diriti, ile mirija miembamba ya mafuta: ya kuume iende kushoto, ya kushoto iende kuume. Maelekezo yalikuwa ya Kifaransa. Nikamwandikia fundi kwa Kiswahili: «Badilisha diriti za freni, tia mafuta ya freni, toa hewa.»

Fundi alisoma akaniuliza: «Mudogo, madiriti ya mupya iko wapi?» Alikuwa na haki. Kubadilisha, bila neno lingine, ni kuondoa cha zamani na kuweka kipya. Nilichotaka kinahitaji kiambishi cha kutendana, -an-: diriti zibadilishane nafasi. Silabi moja tu. Kosa hilo tulilirekebisha tukiwa tumesimama, kwa sababu fundi aliuliza.

La pili hakuna aliyeuliza. «Mafuta ya freni» mjini kwetu ni kile kichupa cha magari, chenye alama ya DOT. Fundi akanunua hicho, kama maandishi yalivyosema. Lakini freni za kinga hii, kama zile za Shimano na Magura, hutumia mafuta ya madini. DOT si mafuta hata kidogo: hushikana na maji, na mipira ya ndani iliyotengenezwa kwa mafuta ya madini huvimba na kuharibika ikiguswa nayo. Kinyume chake pia ni hatari, kwa maana freni za DOT haziwezi kuvumilia mafuta ya madini. Kifaransa hutenganisha, «huile» huku na «liquide» kule; mimi nikavitia vyote katika chungu kimoja cha «mafuta». Baada ya wiki mbili kishikio kililegea hadi kikagusa gidoni, na mdogo wangu akasimamisha kinga kwa viatu vyake mbele ya taksi. Nikanunua vishikio na kaliperi nyingine. Fundi sikumdai kitu; alitii karatasi yangu.

Maandishi ya sasa ni marefu zaidi. Kwanza pima kama kila diriti inafika upande wake mpya gidoni ikigeuzwa mpaka mwisho. Toa magurudumu na vibao vya freni, vitu hivi vikipata mafuta haviumi tena, kisha weka kabari kati ya pistoni. Fungua nati kwenye kishikio kwa ufunguo wa 8, hamisha diriti. Ukiikata, kata wima kwa kisu kikali, na usirudie pete iliyokwisha kubanwa. Isukume mpaka mwisho, endelea kuishikilia huku unakaza nati. Sukuma mafuta ya madini kwa sindano toka chini, kwenye kaliperi, mpaka mapovu yaishe kutokea juu. Vuta kishikio: kikiwa laini kama sponji, hewa ingali ndani. (Niliacha «toa upepo», kwa kuwa fundi yeyote angeanza na tairi.)

Na mafuta? Nimeandika «mafuta ya madini, si ya gari», na chini yake: «soma maandishi kwenye kishikio kabla ya kununua». Istilahi nzuri ingekuwa fupi kuliko hiyo, najua.

Limebaki jina la ile pete ya shaba inayobanwa kati ya nati na diriti. Kifaransa huiita «olive», nami katika rasimu ya kwanza niliandika «zeituni». Fundi alicheka mpaka akaketi. Yeye anasema kapete, wingi tupete, kwa ngeli ya ka-/tu- ambayo Kiswahili sanifu hakinayo na sisi tunaitumia kila siku. Nimeandika kapete.