Urubani: ratiba ya chuo au saa za kujipangia?

Kijana wa Mapendo, mjini Goma, aliyesoma kwa Kifaransa aanze na Kiingereza: kwa safari za kimataifa, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linadai angalau kiwango cha 4 cha lugha hiyo. Kisha apimwe afya kwa cheti cha daraja la 1 kabla ya kulipa ada yoyote.

Chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa 1971, hufundisha kwa mtaala uliopangwa. Kozi iliyoidhinishwa ina nafuu kubwa: kwa kanuni za ICAO, leseni ya rubani wa biashara hupatikana kwa saa 150 za kuruka, badala ya 200.

Njia ya pili ni saa za kujipangia: mwenye kazi anaweza kulipia saa za kuruka kidogo kidogo. Hatari ni mapumziko marefu: mkono husahau, somo lilelile hulipiwa mara mbili. Afadhali adundulize kwanza, halafu aruke mfululizo.