Baada ya Chuo: Njia za Mwuguzi na za Ofisa wa Ustawi wa Jamii

Bwana Mhariri,

Likizo iliyopita wanafunzi wawili wa darasa la mwisho walinijia nyumbani wakaniuliza, "Kaka, mtu akitoka chuo cha uuguzi hupewa kazi siku ile ile?" Nalicheka, kisha nikaona haya, maana mimi nami nalipokuwa na umri wao nalidhani hivyo hivyo. Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niwajibu wao na wenzao, na wanafunzi wa zamani wanisahihishe nikikosea.

Mimi ni mwuguzi katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kando ya Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Baba yangu ni mvuvi. Mama alizaliwa Pweto, upande wa pili, na kwake ndiko nilikopata Kiswahili. Hapa shuleni nalikisafisha tu.

1. Kazi mbili, mgonjwa mmoja

Uuguzi na ustawi wa jamii ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Mwuguzi humtazama mgonjwa aliye mbele yake: joto lake, mapigo ya moyo, dawa yake. Ofisa wa ustawi huitazama nyumba alikotoka: nani anampikia, nani anampiga, nani amekufa, fedha zatoka wapi. Kwetu Zambia diploma ya uuguzi ni miaka mitatu, nayo yataka ufaulu mzuri wa Kiingereza, hesabu na sayansi. Elimu ya ustawi wa jamii ilianzia Lusaka katika Oppenheimer College, ambayo mwaka 1965 ilitiwa ndani ya Chuo Kikuu cha Zambia. Jirani zetu Watanzania wana Taasisi ya Ustawi wa Jamii mjini Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973.

2. Cheti si kazi

Hili ndilo jibu la swali lenu. Ukimaliza chuo, hapana budi ufaulu mtihani wa baraza la wauguzi na uandikishwe katika daftari lake. Baraza hilo kwetu lilikuwa likiitwa General Nursing Council. Kwa sheria ya mwaka 2019 likawa Nursing and Midwifery Council of Zambia. Leseni hulipiwa na kufanywa upya kila mwaka, uwe na kazi au usiwe nayo. Baada ya hapo wangoja serikali itangaze nafasi.

Mimi nalimaliza mwaka 2018. Nalingoja hata mwaka 2022, serikali ilipoajiri watu 11,276 wa kazi za afya kwa mara moja. Miaka minne! Katika miaka hiyo nalishona nyavu za baba, na nalipeleka magunia ya chisense, wale samaki wadogo walio ndugu za dagaa, mpaka Ndola kuuza. Watu wa kijijini walisema, "Yule mwenye cheti ananuka samaki." Neno hilo liliniuma, nami sitawaficha.

Lakini kungoja nako kulinifundisha. Mwaka 2017 maelfu ya watu walikimbia vita vya Kongo wakaingia wilayani kwetu. Kwanza walipokelewa Kenani. Kisha, tangu mwaka 2018, wakapewa makao Mantapala. Wengi walisema Kiswahili, na wenyeji wa hapa husema Kibemba. Nalipata kibarua cha kufasiri. Huko nalikutana na mwenzangu mmoja, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, aliyesomea ustawi wa jamii. Yeye aliuliza maswali, mimi nikafasiri. Na kwa kufasiri maswali yake nikajifunza kuuliza. Ningalilishika somo lile sawasawa, nisingalikosa jambo ninalotaka kuwaeleza sasa.

3. Kosa langu

Nalipoajiriwa nalipelekwa katika zahanati moja ya pwani ya ziwa. Msimu wa mvua mama mmoja wa Kikongo alimleta mwanawe wa miaka mitatu. Nalimpima, nikaona malaria, nikampa dawa. Baada ya wiki chache akarudi. "Munganga, mutoto iko na homa tena." Nikampa dawa tena, nikamwambia, "Mama, mlaze ndani ya chandarua." Akaitikia kwa adabu. Mara ya tatu alipokuja, viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe kama karatasi. Damu ilikuwa imekwisha mwilini. Tulimkimbiza hospitali akatiwa damu usiku ule. Alipona, lakini kidogo tumpoteze.

Nalimweleza mwenzangu yule, ambaye sasa ni ofisa wa ustawi. Akaniuliza, "Dawa umempa mara tatu. Je, umeuliza analala wapi?" Nalinyamaza. Kesho yake tulikwenda pamoja mpaka nyumbani kwao. Chandarua tulikiona ziwani, kimeshonwa pamoja na vingine kuwa wavu wa chisense.

Msidhani baba yake ni mpumbavu. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hata mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazae. Miezi hiyo ndiyo ya mvua, na mvua ndiyo huzidisha mbu. Basi fedha hupotea nyumbani wakati ule ule malaria inapozidi. Baba yule alikuwa na deni la unga, akavua usiku kwa siri kwa wavu alioweza kuupata. Mimi nalimpa mtoto dawa, nayo ilifanya kazi yake. Lakini kilichomrudisha kwangu ni deni la unga, na deni halionekani katika kipimo cha damu. Mwenzangu aliandika habari za nyumba ile, akazungumza na baba bila ya kumtisha, akawapeleka kwa kamati ya kijiji inayoangalia wenye shida. Mimi nikaleta vyandarua vipya, nikavitundika kwa mkono wangu. Tangu siku ile, mtoto akinijia mara ya pili kwa ugonjwa ule ule, nauliza habari za nyumbani kabla sijafungua kabati ya dawa.

4. Njia zilizo mbele

Sasa nizitaje njia, ili mchague mkizijua.

Mwuguzi aweza kuajiriwa na serikali, au kufanya kazi katika hospitali za makanisa kama St Paul's ya hapa Nchelenge. Aweza kuongeza masomo: ukunga, shahada, au ualimu wa wauguzi. Aweza kuingia katika utafiti; wilaya yetu ina malaria nyingi, na watafiti wa Tropical Diseases Research Centre ya Ndola wamefanya kazi hapa miaka mingi.

Ofisa wa ustawi aweza kukaa katika ofisi ya wilaya, akiangalia misaada ya fedha kwa maskini, mpango ulioanza kwa majaribio Kalomo mwaka 2003. Aweza kuwatetea watoto mahakamani, na kazi hii imepata nguvu kwa sheria ya watoto ya mwaka 2022. Aweza kuhudumu hospitali au magereza. Mashirika ya wakimbizi huajiri watu wa kazi zote mbili, tena hulipa vizuri. Lakini kazi yao ni ya mkataba, na fedha zikiisha nawe waondoka.

Tena kuna njia ya kuanzisha jambo lako mwenyewe. Anna Qabale Duba, mwuguzi wa Marsabit nchini Kenya, alijenga shule kijijini kwao. Watoto husoma asubuhi, na watu wazima jioni. Mwaka 2022 alipewa tuzo la wauguzi wa dunia huko Dubai, dola 250,000. Yeye ni mwuguzi, lakini ameifanya nusu ya kazi ya ustawi.

5. Ng'ambo

Najua swali lililobaki: Uingereza je? Njia ipo. Mwuguzi hufanya mitihani ya huko, ya maandishi na ya mikono, na kuandikishwa upya. Ofisa wa ustawi naye huandikishwa na baraza la kazi yake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitia Zambia katika orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watu wa afya, ili nchi tajiri zisije kuwakusanya. Lakini mtu akiomba mwenyewe, hakatazwi.

Wawili niliosoma nao chuoni wamekwenda, nao wanawasomesha wadogo zao. Sina neno la kuwalaumu. Aliyengoja miaka minne akinuka samaki hamlaumu mtu. Karatasi za maombi ninazo, nimezijaza nusu. Nalimwuliza mama. Akasema, "Mwanangu, ukienda nitakuombea. Lakini wale wa ng'ambo ya ziwa wakija na mtoto usiku, nani atawasikia wanavyosema?" Sijazichana karatasi, wala sijazipeleka.

Basi, vijana, shauri langu ni hili. Msiuliza tu, "Nitapata kazi lini?" Ulizeni pia, "Nitafanya nini nikingoja, na nitajifunza nini kwa mwenzangu wa kazi ya pili?" Kungoja kwaweza kuwa kurefu, wala hakuna chuo kinachokufundisha kungoja.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini dawa peke yake haikumtosha mtoto yule?
2. Ungalikuwa ofisa wa ustawi, ungalimwambia nini baba yake?
3. Mwuguzi aliyesomeshwa na nchi yake ana deni gani kwayo, na nchi ina deni gani kwa mwuguzi asiye na kazi?

Wenu,
Mwanafunzi wa Zamani, Nchelenge